Nani Aliyesema? Jina, Mwaka na Mkono wa Mhariri katika Urejeleaji wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna matini za fasihi ya Kiswahili, hususani ushairi wa kale, zinavyorejelewa katika maandishi ya kitaaluma. Inadaiwa kuwa mtindo wa jina na mwaka, ulioazimwa bila kurekebishwa, humwondoa mtunzi na kumweka mhariri mahali pake, na huihamisha tarehe ya utungo kwa miongo mingi, pengine kwa karne nzima. Athari zake zinagusa pia ushahidi wa kiisimu unaotegemea tarehe hizo. Mifano mikuu imetoka katika mashairi ya Muyaka bin Haji, Utendi wa Mwana Kupona na kazi za baadhi ya waandishi wa karne ya 20. Mwishoni yanatolewa mapendekezo machache kwa wahariri wa majarida.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa makala za uhakiki wa ushairi wa Kiswahili hukutana mara kwa mara na mabano ya aina moja. Ubeti wa Muyaka unadondolewa, na chini yake panaandikwa: (Hichens, 1940). Msomaji mzoefu hapati tabu, kwa kuwa anajua Hichens ni nani na 1940 ni mwaka wa nini. Mwanafunzi anayeanza hana ujuzi huo. Yeye husoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba mtu aitwaye Hichens alisema maneno hayo mwaka 1940. William Hichens hakuyasema. Aliyahariri mashairi ya mshairi wa Mombasa anayekadiriwa kufariki mwaka 1840, na kitabu kikatolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, miaka mia moja baadaye.

Kosa hili halitokani na uzembe. Mara nyingi aliyeandika mabano hayo ametii mwongozo wa jarida neno kwa neno, na mhariri aliyeupitia mswada wake hakuona la kusahihisha. Wahariri huwarudishia waandishi miswada kwa sababu ya mkato uliokosekana, italiki iliyosahaulika au mwaka ulio kwenye matini bila kuwamo katika orodha ya marejeleo. Masahihisho hayo yana haki yake. Hata hivyo, rejeleo linaweza kuwa na kila nukta mahali pake na bado likasema uongo kuhusu mtunzi wa shairi na wakati wa utunzi. Hapo ndipo ulipo mjadala wa makala hii.

2.0 Mtindo ulikotoka

Mtindo wa kuandika jina na mwaka ndani ya mabano kwa kawaida huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazoolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono asiye na kombe. Mwaka 1929 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha katika jarida lao maelekezo ya kurasa saba kwa waandishi. Kurasa hizo saba ndizo zilizokua zikawa mwongozo wa APA, unaofuatwa leo, moja kwa moja au kwa marekebisho madogo, na majarida mengi, yakiwamo ya Kiswahili.

Katika zoolojia na saikolojia mtindo huu unafaa sana. Jina na mwaka humwambia msomaji nani alitangulia kugundua jambo na ugunduzi wenyewe una umri gani. Lakini ufaafu huo unategemea masharti matatu ambayo kwa kawaida hayatajwi: aliyesema ndiye aliyeandika; aliyeandika ndiye aliyepeleka kazi kiwandani; na mwaka wa kuchapishwa uko karibu na mwaka wa kusemwa. Ripoti ya maabara hutimiza masharti yote matatu. Utendi uliotungwa Siyu au Lamu, ukanakiliwa kwa hati za Kiarabu na mikono mitatu au minne, kisha ukachapishwa Ulaya, hautimizi hata moja.

3.0 Mikono iliyo nyuma ya "Hichens, 1940"

Inafaa kuifuata njia ya mashairi ya Muyaka hatua kwa hatua, maana mabano yale yameificha yote. Muyaka alitunga Mombasa katika zama za akina Mazrui. Mashairi yake yalibaki katika vinywa vya watu wa mji. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa na anayejulikana kwa umakini wake katika kuonyesha sauti za Kimvita. Karatasi za Taylor zilifika London na kuhifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Hichens alizitumia kuandaa diwani ya 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akaja kutoa chapa nyingine yenye uchambuzi, Nairobi, mwaka 1979.

Basi shairi moja lina mtunzi, wakumbukaji, mwandishi wa kwanza, mkusanyaji na wahariri wawili. Mtindo wa jina na mwaka una nafasi ya mmoja tu, na humpa nafasi hiyo aliyeandikwa juu ya jalada. Anayepotea zaidi ni Mwalimu Sikujua. Muyaka angalau hutajwa katika sentensi inayotangulia ubeti. Sikujua hatajwi popote, ilhali bila kalamu yake pasingekuwa na cha kuhariri.

Kwa mwanaisimu hasara ni kubwa zaidi. Chukua maumbo ya Kimvita kama vile "mato" kwa maana ya macho, au "ndia" kwa maana ya njia. Mtafiti wa historia ya lahaja akitaka kujua umbo fulani lilitumika lini, shairi la Muyaka humpa ushahidi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Akiuingiza ushahidi huo katika jedwali lake kwa kufuata mabano, utasomeka kuwa wa 1940, yaani muongo mmoja baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi ya usanifishaji. Hitimisho kuhusu kasi ya mabadiliko ya lahaja litapinda.

Mwaka 1940 nao hauwezi kutupwa. Kimvita hutofautisha /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi. Kila aliyeihamisha matini kutoka hati za Kiarabu kwenda za Kirumi alilazimika kuamua namna ya kuiandika tofauti hiyo, au kuiacha. Maamuzi hayo ni ya mhariri, na tarehe yake ni ya mhariri. Kwa hiyo matini moja ina aina mbili za ushahidi: msamiati, vina na mizani ambavyo kwa sehemu kubwa ni vya mtunzi, na tahajia ambayo ni ya mhariri. Kila aina inadai mwaka wake. Rejeleo lenye mwaka mmoja humlazimisha mtafiti kuchagua, na humchagulia vibaya.

Hali ya Utendi wa Mwana Kupona inafanana na hiyo, ila ina tatizo la ziada. Utendi huo, ambao kwa kawaida huwekewa tarehe ya 1858, ulitolewa na Alice Werner pamoja na Hichens mwaka 1934, kisha ukawamo katika mkusanyiko wa tendi sita wa J. W. T. Allen wa mwaka 1971. Makala moja ikitumia chapa ya kwanza na nyingine ikatumia ya pili, orodha zao za marejeleo hazitaonyesha kuwa zinazungumzia kazi ileile. Moja itakuwa na kazi ya Werner na Hichens chini ya W, nyingine itakuwa na kazi ya Allen chini ya A. Mwanamke aliyetunga hatakuwamo chini ya herufi yoyote. Inashangaza kuwa hali hii hukutwa hata katika tafiti zinazolenga kuonyesha nafasi ya mwanamke katika fasihi ya Kiswahili: hoja inamtetea Mwana Kupona kurasa ishirini, kisha orodha ya marejeleo inamfuta kwa mstari mmoja.

Mtu asidhani tatizo ni la matini za hati za Kiarabu pekee. Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa mwaka 1946 na kuchapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Anayeandika kuwa "Shaaban Robert (1967) anaitazama jamii ya baada ya uhuru" hujenga hoja juu ya tarehe ya kiwanda. Riwaya hiyo ilikwisha kuandikwa miaka 15 kabla ya uhuru wa Tanganyika.

4.0 Jina la ukoo, jina la mwisho

Miongozo mingi ya majarida humwagiza mwandishi aanze na "jina la ukoo". Istilahi hii ni tafsiri, na kama tafsiri nyingi za istilahi imebeba dhana ambayo haina mwenzake wa moja kwa moja mahali ilipoletwa. Kwa desturi ya majina ya pwani, mtu ana jina lake, linafuatiwa na la baba, kisha la babu. Jina la mwisho la Said Ahmed Mohamed, kwa desturi hiyo, ni la babu. Anayeandika "Mohamed (1980) anaukosoa ubepari katika Dunia Mti Mkavu" anamsifu babu kwa kazi ya mjukuu.

Jambo hili lingeweza kuchukuliwa kuwa mzaha lisingekuwa na matokeo katika usomaji. Yupo Said Ahmed Mohamed wa Utengano, yupo Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu na Nyota ya Rehema, na yupo Mohamed Said Abdulla wa Mzimu wa Watu wa Kale. Kanuni ya jina la mwisho huwaweka wawili wa kwanza pamoja kana kwamba ni ndugu wa familia moja ya Kiingereza, kisha huwatofautisha kwa herufi tu: S. A. na M. S. Wa tatu, ambaye herufi zake pia ni M. S., hupelekwa mwanzo kabisa wa orodha, jirani na Abdilatif Abdalla. Wasomaji wa Kiswahili hawawachanganyi waandishi hawa wanapowataja kwa majina kamili. Mkanganyiko unaletwa na orodha.

Na pale ambapo jina la ukoo lipo kweli, yaani nisba kama Al-Batawi au Al-Ghassaniy, "jina la ukoo" na "jina la mwisho" hutoa majibu tofauti kutegemea kama mwandishi ameitaja nisba hiyo au la. Muyaka akifuatwa kwa kanuni atakuwa "Al-Ghassaniy, M. b. H.", na patazuka swali dogo la kama aorodheshwe chini ya A au G. Hakuna mtu wa Mombasa atakayemtafuta huko. Mwana Kupona binti Msham atakuwa "Msham, M. K.", rejeleo linalompa baba utendi ambao mama alimtungia binti yake. Kanuni nyingine huagiza vyeo na maneno ya heshima yaondolewe. "Mwana" ni neno la heshima, lakini katika jina hili limekwisha kuganda na kuwa sehemu ya jina. Hakuna anayemjua "Kupona". Shaaban Robert naye hupatikana chini ya S katika orodha nyingine na chini ya R katika nyingine, wakati mwingine ndani ya toleo moja la jarida.

Wengine wamekwisha kulitatua suala hili. Katika taaluma ya masuala ya Uhabeshi ni kawaida Mwethiopia kuorodheshwa kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa linalofuata ni la baba. Waislandi nao walipangwa hivyo hata katika vitabu vya simu. Hakuna aliyedai kuwa elimu yao imekosa utaratibu.

5.0 Mambo mengine, kwa ufupi

Mwongozo wa APA, toleo la 7 la mwaka 2019, umeondoa mahali pa uchapishaji. MLA ilifanya hivyo kwa vitabu vya karibuni mwaka 2016, na Chicago ikafuata mwaka 2024. Sababu yao inaeleweka: wachapishaji wakubwa wana ofisi nyingi, na msomaji hupata kitabu kwa jina la mchapishaji. Lakini Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973 na Oxford University Press, Nairobi. Mashairi yake yalitungwa na Abdilatif Abdalla gerezani nchini Kenya. Neno "Nairobi" likiondolewa, rejeleo linabaki na jina la mji mmoja tu, na mji huo uko Uingereza. Majarida ya Kiswahili yana sababu yake ya kubakiza mahali, na hayalazimiki kusubiri ruhusa ya yeyote.

Kuhusu "na wenzake", lugha yenyewe ina la kusema. Toleo la 7 la APA linaagiza kazi ya waandishi watatu au zaidi ifupishwe tangu kutajwa mara ya kwanza. Ndivyo Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1999 inavyokuwa kazi ya "Massamba na wenzake", na Kihore na Hokororo kubaki katika kiambishi kimilikishi. "Wenzake" kwa Kiswahili ni watu wanaotambulika kwa kuwapo kwao karibu na mtu fulani, ilhali kifupisho cha Kilatini kinachotafsiriwa maana yake ni "na wengine" tu. Majina matatu yatajwe kamili mara ya kwanza. Nafasi inayotumika ni maneno mawili. Upatanisho wa kisarufi wa taasisi nao haujatulia. "TUKI (2004) inafafanua" na "TUKI (2004) wanafafanua" hupatikana katika makala moja, nyakati nyingine katika aya moja. Umbo la kwanza linapatana na ngeli ya taasisi, la pili na watu walioandika. Yote mawili yanatetewa kisarufi, ila mwandishi achague moja.

Watoa taarifa wa nyanjani wana hali mbaya kuliko wote. APA huwaita "mawasiliano binafsi" na kuwazuia wasiingie katika orodha ya marejeleo, kwa hoja kuwa msomaji hawezi kuirejea kauli yao. Huko Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod alipendekeza mwaka 2021 violezo vinavyowaingiza katika orodha wazee wa jamii za asili na watunza maarifa wao, kwa majina yao, mataifa yao na mahali wanapoishi. Manju, malenga na mghani wa tendi wanastahili kiwango hichohicho, endapo wameridhia kutajwa. Na sharti hilo la ridhaa lisirukwe, kwa kuwa wapo wanaotaka maneno yao yatumike bila majina yao kuonekana.

6.0 Pingamizi na mapendekezo

Pingamizi la kwanza ni la haki kwa mhariri. Kuhariri tendi ni kazi ngumu, na anayesoma chapa ya Allen anasoma pia uamuzi wa Allen. Hilo ni kweli, na ndilo sababu hakuna haja ya kumwondoa Allen. Kinachotakiwa ni asogee, mtunzi apate nafasi ya kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hifadhidata za kimataifa huhesabu marejeleo kwa jina la mwisho. Mwanataaluma ambaye baadhi ya majarida yanamwandika chini ya S na mengine chini ya M ataona kazi zake zikigawanyika kati ya watu wawili wasiokuwapo, na katika vyuo ambavyo upandishaji vyeo hutazama hesabu hizo, hasara hiyo huishia kwenye mshahara. Kwa hiyo ni busara kutofautisha. Mwandishi aliye hai aandikwe kama anavyojiandika mwenyewe katika machapisho yake, hata kama amechagua kulifanya jina la babu kuwa lake la kitaaluma. Watunzi wa kale hawana hesabu za kulinda. Wao waandikwe kama wanavyoitwa: Muyaka bin Haji chini ya M, Mwana Kupona binti Msham chini ya M, Shaaban Robert chini ya S, bila mkato wa kugeuza jina.

Pingamizi la tatu hutolewa kwa jina la programu. Husemwa kuwa Zotero na wenzake hudai jina la mwisho na la kwanza katika visanduku viwili. Zotero, hata hivyo, ina kitufe cha kuunganisha visanduku hivyo kuwa kimoja, kilichokusudiwa taasisi, na kinafaa vilevile kwa Muyaka. Nafasi ya tarehe ya asili nayo inapatikana. APA yenyewe, ambayo majarida huitaja kama kikwazo, ina kanuni ya miaka miwili kwa kazi zilizochapishwa upya: mwaka wa mwanzo, mkwaju, mwaka wa chapa iliyotumika. Kanuni hiyo hutumiwa kwa Freud bila mtu kushangaa.

Kwa utaratibu huo, ndani ya matini pangeandikwa (Muyaka, kbl. 1840/1940), ambapo "kbl." ni kifupisho cha "kabla ya", na katika orodha: Muyaka bin Haji (kbl. 1840/1940). Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy. Imeandikwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Imekusanywa na W. Taylor, mhariri W. Hichens. Johannesburg: Witwatersrand University Press. Kufikirika ingekuwa (Shaaban Robert, 1946/1967). Pale tarehe ya utunzi inapobishaniwa, mwandishi aandike "takr." na kueleza ubishi huo katika tanbihi, badala ya kujificha nyuma ya mwaka wa chapa ambao haubishaniwi na yeyote.

Rejeleo la Muyaka kwa sura hii linachukua mistari mitatu badala ya miwili. Majarida yanayohesabu maneno ya orodha ya marejeleo ndani ya ukomo wa mswada yatapaswa kuamua kama mstari huo wa tatu, ulio na jina la Mwalimu Sikujua, utahesabiwa.